Firimbi Niliyompigia Mtoto Wangu

Siku hiyo tulikuwa wanne ndani ya ploti yetu ya nyumba za kupanga, mmoja ng'ambo ya barabara, na mmoja nje ya geti. Niwataje mmoja mmoja ili msije mkapotea.

Wa kwanza ni mimi, mkazi wa nyumba ya tatu, mjane wa fundi wa reli. Wa pili ni wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, aliyekuja kutoka Ndabibi kumwona mgonjwa kwa siku mbili, na sasa alikuwa wiki ya tatu. Wa tatu ni mwenyekiti wa ploti. Huyu alikuwa gadi wa treni, wale wa kukaa behewa la nyuma na kibendera, na ndiye aliyemsimamia mume wangu harusini. Wa nne ni mke wake, ambaye hupika chapati za kuuza, na ambaye kwao na kwetu huko magharibi ni mto tu unatutenga. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi wa gereji, kalasinga, aliyezaliwa Nakuru kabla ya mimi kufika, na ambaye mume wangu alikuwa akimpelekea baiskeli hata kama haijaharibika, wapate tu kuongea. Na nje ya geti alikuwa kitinda mimba wangu.

Majina yao yote ninayo. Ninayo na ya baba zao. Lakini mjukuu wangu anayenichapia haya amesema nisiandike jina hata moja. Nikamwambia, kunikataza mimi majina ni kama kumkataza kuku kuchakura. Shule niliachia darasa la tatu, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki mpaka tuzikwe pamoja. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililonitia aibu.

Ugonjwa ulianza mwaka wa elfu mbili na saba, mvua za masika zikiisha. Binti yangu huyo, kitinda mimba, alikuwa fundi cherehani, anashona yunifomu za shule. Asubuhi moja akaniambia, "Mama, vidole vimekataa kushika sindano." Nikadhani ni uvivu. Kisha nywele zikaanza kubaki kwa kichana. Kisha uso ukashika wekundu, umetanda juu ya pua na mashavu mawili kama kipepeo aliyekosa mahali pa kutua. Wifi yangu alipouona akasema, "Ni mafuta ya kujipaka ya bei rahisi hayo." Tukabadilisha mafuta. Kipepeo akabaki pale pale.

Alitibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili, na hakuwa na hata mojawapo. Mwisho miguu ikavimba ikakataa viatu vyake vyote. Akaenda chini ya kitanda changu, akatoa buti za baba yake za reli, namba kumi, akavaa. Basi nyumba nzima ikawa inasikika marehemu anatembea. Mara ya kwanza niliinuka kumpakulia chakula.

Ndipo tukatumwa kwa daktari mmoja mjini, binti wa muuza vitambaa, Mhindi wa hapa hapa Nakuru. Kiswahili chake kilikuwa kinanyooka kuliko changu. Alitoa damu, akachukua mkojo, akatuita baada ya siku kadhaa, akasema jina la ugonjwa ni lupasi.

"Sasa, Mama," akaniambia, "mwili una ulinzi. Kuna askari, na kuna wapelekaji habari. Hao wapelekaji habari ni protini ndogo ndogo zinatembea kwa damu."

"Protini naijua," nikasema. "Ni maharagwe."

"Si ya kula hii, mwili unajitengenezea. Iko moja inaitwa intafeoni. Kirusi akiingia, intafeoni inatangaza, na askari wanatoka kupigana. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini kwa huyu msichana haijui likizo. Inatangaza asubuhi, inatangaza jioni, na hakuna mtu ameingia."

"Basi askari si wangerudi kulala?"

"Wangerudi kama wangekuwa na akili yako. Hawa wakikosa mgeni wanapiga wenyeji. Wamesahau majina ya watu wa nyumbani. Wamepiga viungo, wamepiga ngozi, na sasa wameanza figo. Tukikawia, figo zitaharibika, na zikienda hazirudi."

Nilikuwa nimekuja kwa habari ya vidole.

Akaendelea. Akasema jua ni adui yake, kwa sababu jua likichoma ngozi, chembe zake zinakufa, na mabaki yake yanaonekana kama mvamizi, na tangazo linaanza upya. Afunike mikono, afunike uso, avae kofia. Nikamuuliza kama kuna dawa ya kuiziba mdomo hiyo intafeoni peke yake.

"Watafiti wanaitafuta. Bado hatuna. Hizi tulizo nazo zinanyamazisha mtaa mzima kidogo. Hii moja ni ndugu ya dawa ya malaria."

"Lakini hana malaria!"

"Najua hana. Na hizi nyingine zinapunguza kinga."

Nikasimama. "Zinapunguza?"

"Zinapunguza, Mama."

"Daktari, mmesoma mpaka mkapitiliza."

Lazima mwelewe wakati wenyewe. Miaka ile kila mtu alikuwa anaongeza kinga. Redioni ni kuongeza kinga. Kanisani, baada ya matangazo, mtu anasimama na chupa ya kuongeza kinga. Mgonjwa wa mguu anaongeza kinga, mgonjwa wa jino anaongeza kinga. Na sisi tuna desturi yetu, huendi kuona mgonjwa mikono mitupu. Kila aliyekuja kumwona mtoto wangu aliketi, akaomba, akafungua kikapu, akauliza swali lile lile, "Mmempa nini ya kuongeza kinga?" Sasa mimi niwajibu vipi? Kwamba tumepewa dawa ya kuipunguza? Wangedhani nimechoka naye.

Mwenyekiti alileta asali iliyotiwa vitunguu saumu. Mke wake alileta juisi ya bitiruti, iliyomfanya mgonjwa akojoe nyekundu nikapiga magoti kuomba kabla ya kuelezwa. Mtu wa kanisa akapitia Kikopey akaleta vichwa viwili vya mbuzi vya supu. Na wifi yangu, kama kawaida yake, akawapita wote. Alitoka Ndabibi na mizizi na magome ya kujaza gunia, akachemsha, akajaza jerikeni ya lita ishirini. Maji yenyewe yalikuwa meusi, na ukikaribia jicho linatoa chozi lenyewe.

"Rafiki yangu marehemu angekuwa hai kwa hii," mwenyekiti akasema.

"Ndugu yangu alikunywa hii," wifi akajibu.

Hatukuendelea na hayo mazungumzo.

Zile tembe za daktari, alizokuwa ameanza kumeza, nilizitia kwa mkebe wa unga, chini kabisa. Binti yangu akazitafuta siku nzima. Nikamwambia pengine panya. Nilijua ninadanganya, lakini moyoni niliona ninamlinda. Akanitazama na yule kipepeo wake, akaenda kulala. Jerikeni ikawa inapungua kikombe kwa kikombe, na miguu yake inazidi kuvimba.

Mwaka ukageuka. Mambo ya mwanzo wa elfu mbili na nane, ya baada ya uchaguzi, nitawaachia wenye kuyaandika. Mimi nitasema tu kwamba watu walikuwa na hofu, hata kwetu, ambako kila nyumba ilikuwa na lugha yake na tulikuwa tunaazimana chumvi. Tukakaa kikao, tukakubaliana hakuna wa kumgusa mwenzake, na tutalindana wote. Mwenyekiti akaingia kwake akatoka na firimbi yake ya reli. Akasimama juu ya stuli.

"Hii firimbi itakuwa ya zamu," akasema. "Ikilia mara moja, mtoke mwangalie. Ikilia mara mbili, mtoke na kitu mkononi. Ikilia mara tatu, mtoke na kila kitu."

Wifi akauliza, "Na ikilia mara nne?"

"Haiwezi kulia mara nne. Hata treni hailii mara nne."

Zamu yangu ikawa Jumanne. Niliivaa shingoni na kamba ya kiatu. Sitawaficha, niliipenda. Mtu aliyelea watoto saba hajawahi kupata kitu cha kumwezesha kusikika mara moja.

Jumanne moja basi, saa sita mchana, jua linapasua mabati. Nilikuwa mlangoni nachagua maharagwe. Wifi alikuwa amemaliza kuchemsha jerikeni ya pili, ameiweka kivulini ipoe. Mbele yangu palikuwa na sukuma wiki yangu, mistari minne, majani kama masikio ya ndovu. Mgonjwa nilijua yuko ndani amelala, mlango wake umefungwa.

Nikasikia komeo la geti linaguswa polepole. Si kama mwenyeji anavyofungua, kwa teke. Polepole, kama mtu asiyetaka kusikika. Nikainua macho. Kwa upenyo wa mabati nikaona kofia kubwa ya nyasi. Chini ya kofia, miwani nyeusi. Chini ya miwani, leso imefungwa mpaka puani. Koti refu mpaka magotini, katika jua lile! Na mikono, jamani, mikono ilikuwa imevaa soksi.

Mtasema buti ningezitambua. Ningezitambua. Lakini macho yangu yalianzia juu, na kabla hayajafika chini, firimbi ilikuwa imelia.

Sijui ililia mara ngapi. Mwenyekiti alisema baadaye alihesabu mpaka tisa akaacha.

Alitoka na fulana, nusu ya uso ina povu la kunyolea, na badala ya rungu alikuwa ameshika kibendera cha kijani. Mke wake alitoka na kile kijiti cha kusukumia chapati, chapati yenyewe imening'inia. Wifi aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akabeba jerikeni. Lita ishirini, mwanamke ambaye asubuhi alikuwa amelalamika magoti yanamuuma. Fundi wa gereji alivuka barabara mbio na spana ya magurudumu, akamjia yule mtu kutoka nyuma, wakaingia wote wawili kwa geti kama maji ya mvua.

"Simama!" mwenyekiti akanguruma. "Wewe ni nani, na unatafuta nani?"

Yule mtu akasema kitu ndani ya leso. Hakuna aliyesikia.

"Anatukana!" wifi akapiga kelele, akammwagia karibu jerikeni yote.

Ilikuwa imepoa, Mungu ni mkubwa. Lakini nguvu yake ilimwangusha yule mtu chali katikati ya sukuma wiki, na sisi wote tukamfuata humo humo tunakanyaga. Fundi wa gereji ndiye aliyekuwa na macho. Akainamia miguu.

"Ngoja, ngoja! Hii kiatu mimi najua. Hii ni ya mzee ya hapa."

Hapo angenyamaza mambo yangeisha. Lakini mimi niliposikia hivyo damu ilipanda. "Ameiba viatu vya marehemu!" Nikavua kandambili yangu, nikampiga begani, pa! Nikampiga tena, pa! Kwa ile ya pili leso ikateleza. Na pale chini ya leso, akitiririka maji meusi ya mizizi ya Ndabibi, nikamwona kipepeo.

"Mama," akasema, "ni mimi."

Mimi ninayejua jina la kila mtu, tangu mstari wa reli mpaka stendi. Mimi niliyemchagulia hilo lake, nikaligombania na wifi huyu huyu siku nne.

Mwenyekiti akainua kile kibendera polepole, sijui kwa nini, mazoea tu. Kijani maana yake treni iende. Hakuna aliyekwenda.

Kisha binti yangu akaanza kucheka. Alicheka akiwa amelala pale, akashika tumbo, akacheka mpaka miwani ikaanguka ikavunjika. Mkono mmoja wenye soksi alikuwa ameuinua juu wakati wote, na ndani ya soksi kulikuwa na pakiti ya hospitali, kavu kabisa.

"Hivi ndivyo daktari alisema," akasema. "Hivi hivi! Mama, hukumsikia? Tangazo, halafu askari, halafu wanapiga mwenyeji."

"Ulikuwa wapi?" nikauliza, kandambili bado iko mkononi.

"Hospitali. Nilitoka mkiwa kwa maombi. Zile za kwanza najua ulizificha, panya hawali tembe na kuacha sukari." Hapo kicheko kikaisha. "Mama, nataka figo zangu. Ni zangu."

Wifi akajitetea. "Sisi tulikuwa tunakulinda, mtoto wangu."

"Hata wao, aunti, wanadhani wanalinda."

Nikaangalia shamba langu. Mstari wa kwanza haukuwako. Wa pili haukuwako. Wa tatu ulikuwa umelaliwa na mtoto wangu, na wa nne una alama ya spana. Mwizi hakuwa ameingia hata mmoja, na sukuma yote ilikuwa imekwisha. Sijui kama kuna mtu amewahi kuelewa mambo ya hospitali kwa kuangalia mboga, lakini mimi nilielewa pale. Mtoto wangu alikuwa ndani ya mwili wake namna hiyo tangu mwaka uliopita, firimbi inalia, watu wanatoka na kila kitu, na sisi tunaongeza askari kwa vikombe.

Nikaingia jikoni, nikatia mkono kwa mkebe wa unga mpaka kiwiko. Nikatoka na zile tembe, pakiti nyeupe na mkono mweupe. Nikampa na gilasi ya maji, akameza moja ya zile mpya mbele ya ploti nzima, na mke wa mwenyekiti akapiga makofi kama harusini.

Wifi alisonya. "Na hii iliyobaki kwa jerikeni nani atakunywa?"

"Reli haitupi kitu," mwenyekiti akasema, akaichukua. Siku mbili hatukumwona ila akipita kwenda chooni, na hakuwa anatembea.

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe kwa daktari, nikakiri. Alinigombeza vizuri, na nilistahili. Akasema tembe zile hazikatwi ghafla, mtu anaweza kufa, na figo hazingoji mama aamini. Nikainamisha kichwa. Kisha akauliza ile miwani ya mgonjwa, niliyokuwa nimeishika, ilivunjikaje, nikamsimulia. Alijaribu kukaza uso. Nilipofika kwa kibendera alishindwa, akatoa miwani yake, akafuta macho.

"Ulimpiga na nini, Mama?"

"Kandambili."

"Ya mguu gani?"

"Ya kulia."

Aliandika kitu kwa faili. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Zile tembe zilimtia uso mviringo kama sahani, na wageni wakaja wakashangilia. "Mwili umeshika! Ameolewa wapi?" Wifi akawaambia ni dawa yake ya Ndabibi, ati iliingia kwa ngozi siku ile alipomwagiwa. Hayo bado anayasema. Mimi nilihesabu tembe kila asubuhi, namtazama akimeza, halafu namwambia, "Fungua mdomo nione." Mkojo uliokuwa unatoka na povu kama maji ya kufulia ukaanza kutulia. Daktari akaushika ule mkojo kwa mwanga kama mtu anayeangalia asali, akasema figo zimeshikilia.

Lakini mimi sikuhitaji kuambiwa. Asubuhi moja nilikuwa nimelala bado, nikasikia mtu anatembea ukumbini, na si marehemu. Ni hatua nyepesi, ko, ko, ko, kisigino kidogo cha viatu vyake mwenyewe. Nikafungua jicho moja. Buti zilikuwa zimerudi chini ya kitanda changu, zimepigwa rangi, kamba zimefungwa. Nikalia kidogo, nikajifanya ni mafua.

Ugonjwa wenyewe hauishi, unalala tu. Ukiamka anarudi kwa daktari. Anameza tembe mpaka sasa, anashona mpaka sasa, na akitoka mchana bado anavaa kofia ile na soksi mikononi. Ploti nzima inamjua. Mwenyekiti aliongeza sheria moja kwa firimbi: kabla ya kupuliza, uliza jina. Nilimwambia hiyo ingekuwa sheria ya kwanza. Akasema mimi ndiye niliyekuwa na firimbi shingoni.

Basi hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Wifi anasema nilimpiga kwa mwiko, na mke wa mwenyekiti anasema jerikeni ilikuwa ya lita kumi tu na kibendera kilikuwa chekundu. Kama ulikuwako, au uliishi karibu ukasikia firimbi, na unaona nimekosea mahali, njoo unisahihishe, sitakasirika. Nitakuwa mlangoni na maharagwe. Ila ukifika getini, toa miwani, shusha leso, na utaje jina lako kwa sauti kabla hujashika komeo. Jina nitalijua.